Kero Inayostahili Heko

Kampuni mbili za simu zinapounganisha mitandao yao, husifiwa kila kitu isipokuwa kero. Wakurugenzi husifu mtaji, wahandisi husifu masafa, wanasiasa husifu uwekezaji. Kero ya wateja hutajwa mara moja tu, katika ujumbe mfupi unaoanza na maneno "Mpendwa mteja", ikaombewa radhi na kusahauliwa. Naona imedhulumiwa. Katika shughuli nzima ya kuunganisha mitandao, kero ndiyo pekee iliyosimama upande wa mteja tangu siku ya kwanza, na leo naipa heko yake yote.

Paa bovu hujulikana siku ya mvua. Laini ya simu nayo, ikifanya kazi vizuri, haimfundishi mwenyewe chochote. Tunapiga, tunatuma pesa, tunaongeza salio, na hatuulizi mnara ni wa nani, pesa zimelala wapi, wala laini imesajiliwa kwa jina la nani. Siku mitandao inapoungana, maswali hayo yote huja kwa pamoja, na mteja hulazimika kuyatafutia majibu.

Tuanze na mfano wa hapa kwetu. Zantel ilianzishwa Zanzibar mwaka 1999, na kwa miaka mingi 077 ilikuwa ndiyo namba ya nyumbani kwa Mzanzibari. Tigo ilianza miaka ya 1990 ikiitwa Mobitel, ikapitia jina la Buzz, ndipo ikawa Tigo. Mwaka 2015 Millicom, iliyokuwa ikimiliki Tigo, ilinunua asilimia 85 ya Zantel, na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ikabaki na asilimia 15. Baadaye kampuni hizo ziliunganishwa. Mwaka 2022 Millicom iliuza biashara yake ya Tanzania kwa wawekezaji walioongozwa na Axian, na Novemba 2024 jina la Yas likachukua nafasi ya majina yaliyotangulia. Tigo Pesa ikawa Mixx by Yas. Mtu aliyetunza laini moja muda wote huo amebadilishiwa mmiliki, jina na rangi ya bango la dukani huku namba yake ikibaki ileile. Bila usumbufu wa mabadiliko hayo, wengi wetu tusingejua kwamba mtandao huuzwa na wateja wake wakiwamo ndani ya bei.

Sifa ya kwanza ya kero hii ni kwamba inafundisha jinsi simu inavyofanya kazi. Mitandao inapoanza kuungana, herufi R hutokea juu ya kioo pembeni mwa alama ya mawimbi, na intaneti hugoma. Mteja hushangaa kuona simu inadai kwamba yuko ugenini, naye amekaa barazani kwake. Sababu yake ni hii: kila laini imeandikwa namba ya nchi na ya mtandao. Tanzania ni 640. Baada yake Tigo ilipewa 02 na Zantel 03. Simu inalinganisha namba ya laini na namba inayotangazwa na mnara. Zisipofanana, simu hujihesabu iko safarini, na kama mwenyewe amezima data ya safarini (roaming), intaneti haifunguki. Wahandisi wanaweza kuiamuru simu izihesabu namba hizo mbili kuwa mtandao mmoja, na R ikatoweka. Wanapochelewa kufanya hivyo, mteja huingia kwenye mipangilio ya simu yake, pengine kwa mara ya kwanza tangu aliponunua, akajifunza kitu ambacho hakuna tangazo lolote la biashara lingemfundisha.

Na akishajifunza, hupata haki ya kuuliza swali zito. Ikiwa laini ya kampuni moja inaweza kushika mnara wa kampuni nyingine siku ya kuungana, kwa nini isiweze siku zote katika kijiji chenye mnara mmoja tu? Jambo hili si geni kwetu. Zantel ilipoingia Bara, wateja wake walitumia minara ya Vodacom kwa makubaliano. Isitoshe, minara mingi tunayoiona si ya kampuni za simu tena: Tigo na Vodacom ziliuza minara yao kwa Helios Towers, na mnara mmoja hubeba vifaa vya kampuni zaidi ya moja. Mkulima anayekosa mawasiliano chini ya mnara usio wa mtandao wake hazuiliwi na fizikia. Anazuiliwa na mkataba ambao haujaandikwa, na ni herufi R iliyoweka jambo hilo wazi.

Sifa ya pili ni foleni. Muungano ukihitaji laini zibadilishwe, watu hujaa kwenye duka la huduma tangu asubuhi, wakiwa na vitambulisho mkononi. Ni usumbufu mkubwa, hasa kwa mzee aliyetoka mbali na kwa mama aliyefunga genge lake ili aje asimame juani. Lakini ni katika foleni hiyo mtu hugundua kwamba laini aliyoitumia miaka yote imesajiliwa kwa jina la shemeji, la bosi wa zamani, au la kijana aliyekuwa akiuza laini chini ya mwavuli stendi. Mwenye laini kisheria ni yule ambaye alama zake za vidole ziko kwenye usajili. Asipopatikana, namba haihamishiki, na pesa zilizomo zinakwama pamoja nayo. Kulijua hilo ukiwa hai na mzima, ukiwa na nafasi ya kulirekebisha, ni bahati. Wajane wengi hulijua baada ya mazishi. Tanzania tunayo huduma ya *106# inayomwonyesha mtu laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, na kila anayesoma makala haya anaweza kuitumia leo bila kungoja foleni imlazimishe.

Sifa ya tatu, na kwangu ndiyo kubwa, inahusu pesa. Siku menyu ya pesa inapobadilika, jina likiwa jipya na salio likichelewa kuonekana, moyo hushtuka. Mshtuko huo una thamani. Humfanya mtu aulize: hizi pesa ziko kwa nani? Jibu ni jema kuliko wengi wanavyodhani. Chini ya Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015 na kanuni zake, pesa za wateja wa simu huwekwa benki katika akaunti maalumu ya amana, mbali na mali ya kampuni. Kampuni inaweza kuuzwa, kuunganishwa au kubadili jina, lakini pesa hizo zinabaki za mteja. Zaidi ya hapo, amana hiyo huzaa faida, na mwaka 2014 Tigo Pesa ilianza kuwagawia wateja wake faida hiyo, jambo lililotazamwa duniani kote. Mteja anayelijua hili haendi dukani kuomba huruma. Anakwenda kudai chake, na sauti yake hubadilika.

Kifurushi, kwa upande wake, kina somo gumu zaidi. Muungano unapohamisha wateja kutoka mfumo mmoja wa malipo kwenda mwingine, dakika na MB zilizobaki huweza kupotea njiani, na kifurushi pendwa huweza kufutwa kwa sababu mfumo mpya haukijui. Mteja hujifunza kwamba alinunua ahadi yenye muda wa mwisho, na ahadi lazima isimamiwe. Inasimamiwa kwa kelele. Aprili 2021 bei mpya za vifurushi zilipoanza kutumika Tanzania, wananchi walilalamika, na Serikali ikasitisha bei hizo. Nchini Uganda, Airtel ilipoichukua Warid mwaka 2013, haikuthubutu kuizika Pakalast, huduma ambayo wateja wa Warid waliipenda mno. Jina la Warid lilipotea na Pakalast ikabaki. Kampuni huhifadhi kile ambacho wateja wataondoka wakikikosa, nayo hukijua kupitia malalamiko.

Kero pia huchora ramani. Mitandao miwili ikiwa na minara iliyokaribiana, mmoja huzimwa ili kupunguza gharama. Kompyuta ya mhandisi hukadiria kwamba mnara uliobaki utafika kila mahali, na gari la vipimo hupita barabarani kuthibitisha. Gari hilo haliingii chumbani kwa mgonjwa, wala halishuki bondeni kwenye mashamba ya mpunga. Anayejua kwamba mawimbi yamekatika pale ni anayeishi pale. Mkazi wa Makunduchi au Micheweni anapopiga 100 na kusema tangu wiki iliyopita ndani hakushiki, anatoa taarifa ambayo kampuni ingelipa fedha nyingi kuipata kwa njia nyingine. Anaitoa bure, tena baada ya kusubiri kwa muda mrefu apokewe. Huyo ni wa kushukuriwa, na malalamiko yake yanastahili kufika kwa fundi mwenye uwezo wa kugeuza antena, badala ya kuishia kwenye ujumbe wa "tunalifanyia kazi".

Wapo watakaosema kwamba mambo haya yangeweza kufundishwa bila kumsumbua mtu. Yangeweza, lakini hayafundishwi. Mwaka 2014, Essar ilipoondoka katika soko la Kenya, wateja wa mtandao wake wa yuMobile walikwenda Airtel, huku mitambo ikienda Safaricom. Mteja na mnara wake walitenganishwa kama mali mbili za kugawana. Mpango wa namna hiyo huandaliwa kwa siri ya biashara, na wakati wa kumshirikisha mwenye laini haufiki mpaka mambo yameshaamuliwa. Taarifa ya kwanza ya kweli ambayo mteja huipata ni simu inayokataa kupiga.

Anayedhani kero ya wateja ni jambo dogo aitazame Marekani. Mwaka 2005 Sprint iliungana na Nextel kwa thamani ya takriban dola bilioni 35. Mitandao hiyo ilitumia teknolojia mbili zisizoelewana, na simu za mtandao mmoja hazikuweza kufanya kazi kwenye mwingine. Huduma iliyumba na wateja wakahama kwa wingi. Mwanzoni mwa mwaka 2008 kampuni ilikiri hasara ya takriban dola bilioni 30 katika vitabu vyake, na tarehe 30 Juni 2013 mtandao wa Nextel ukazimwa kabisa. Hesabu ambazo mabenki na mawakili walizipitisha zilisahihishwa na watu wa kawaida waliochoka kupiga simu zinazokatika. Sprint yenyewe ilimezwa na T-Mobile mwaka 2020. Safari hii mtandao wake wa zamani wa CDMA ulipangwa kuzimwa tarehe 1 Januari 2022. Kampuni ya Dish, iliyokuwa na wateja wa Boost waliotegemea mtandao huo, ililalamika kwa nguvu, na tarehe ikasogezwa hadi 31 Machi. Miezi mitatu ni muda wa kutosha kwa mtu mwenye kipato kidogo kutafuta simu nyingine. Muda huo ulipatikana kwa sababu kuna waliokataa kunyamaza.

Kwa hiyo nasema bila kusita kwamba kero hii ni mali ya umma. Inamwonyesha mteja mipaka ya anachomiliki, inamwonyesha mhandisi alikokosea, na inamwonyesha mdhibiti mahali pa kuweka sheria. Lakini faida zake zote hupotea ikiishia kwenye kunung'unika kijiweni. Ikiandikwa na kufikishwa panapohusika, hubadilisha mambo.

Basi muungano mwingine ukija, nao utakuja, jiandae hivi. Hakikisha laini imesajiliwa kwa jina lako. Tunza ujumbe wa miamala yako ya mwisho na salio lililokuwapo kabla ya kuhama. Huduma ikikatika, andika tarehe, saa na mahali, kisha ilalamikie kampuni kwanza na uombe namba ya kumbukumbu. Usiporidhika, peleka lalamiko kwa mdhibiti wa mawasiliano, TCRA. Lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, lililoundwa kukutetea. Ikishindikana kabisa, kumbuka kwamba tangu Machi 2017 Mtanzania anaweza kuhamia mtandao mwingine na namba yake ileile.

Kwa wadhibiti wa nchi zetu nina ombi moja. Kabla ya kuidhinisha muungano wowote, itakeni kampuni iahidi kwa maandishi kwamba salio, vifurushi na huduma ya mawimbi havitapungua kwa mteja yeyote, na ichapishe kila mwezi idadi ya malalamiko iliyoyapokea na iliyoyamaliza. Wateja wameshafanya sehemu yao: wamepanga foleni, wamesubiri simuni, wamesema panapovuja. Kinachobaki ni kuwasikiliza, na hiyo ni kazi yenu kisheria.