Eti Una Msimamo?

Msyuuu! Kila anayekaa kwenye benchi hili ana msimamo. Mpe kikombe cha pili cha kahawa na kipande cha kashata, atakuapia kwamba yeye si bendera fuata upepo. Haya, na juzi kwenye banda la mpira? Fundi wetu wa pikipiki kaninong'oneza kwa mdomo wake: "Hiyo imegonga bega." Wa mbele wakapiga kelele penati, wa kulia penati, wa nyuma penati. Dakika haijaisha, fundi kapanda juu ya benchi: "Penati ya wazi! Refa kala hela!" Nyoo! Bega limeshakuwa mkono.

Usinune, fundi, hauko peke yako. Marekani kulikuwa na profesa, Solomon Asch, mzaliwa wa Warsaw, na vituko vyake vya kisomi vya mwanzoni mwa miaka ya 1950. Anakuita chumbani, unakuta wenzako wameshaketi, mnaambiwa hili ni jaribio la macho. Inaletwa kadi yenye mstari mmoja, kisha nyingine yenye mistari mitatu: upi unalingana na ule? Swali la chekechea. Watu walipojibu bila kundi, makosa hayakufika hata asilimia 1. Hila ni kwamba wenzako wote ni watu wa profesa, na wewe umewekwa karibu na mwisho. Wa kwanza anataja mstari usiolingana kabisa, kwa utulivu, hata hakohoi. Wa pili huohuo. Wa tatu huohuo. Zamu inakufikia, kijasho kinakutoka.

Kati ya raundi 18, watu wa profesa walidanganya 12. Robo tatu ya waliojaribiwa wakaufuata uongo walau mara moja. Tena hapakuwa na kiboko, wala bosi, wala posho ya kugombea. Lo! Ila nyie mnaopenda kusema binadamu wote kondoo, tulieni kidogo: karibu theluthi mbili ya majibu kwenye raundi hizo yalibaki sahihi, na mmoja kati ya wanne hakuyumba hata mara moja.

Mimi kinachonisonyesha si kufuata. Walipohojiwa baadaye, wapo waliosema labda macho yao ndiyo mabovu. Wengine waliona sawasawa, ila hawakutaka kuonekana vituko mbele za watu. Na waliofuata, wakiulizwa ni mara ngapi, walitaja chache kuliko ilivyokuwa. Yaani mtu anajipunja hesabu mwenyewe! Muulize fundi leo kuhusu lile bega, uone atakavyokukazia macho.

Sasa patamu ni hapa. Asch akamwambia mmoja tu kati ya watu wake aseme ukweli. Basi! Kufuata mkumbo kukaporomoka, kukabaki kama robo tu ya kulivyokuwa. Kubwa kuliko yote, hata yule mmoja alipotoa jibu la ovyo kuliko la kundi zima, bado aliyejaribiwa alipata pumzi ya kusema lake.

Kwa hiyo yule mbishi wetu wa drafti, anayepinga mpaka saa ya ukutani, mnayemwombea ahamie kijiwe cha stendi, mwacheni hapahapa. Kahawa yake nalipa mimi.