Hongera ya Cherehani

Shoga, hongera kwa kurudia ushonaji. Tumesikia; mtaa mzima umesikia. Cherehani ya umeme, mishono kemkem, hata wa kudarizi maua, na kazi ya kwanza ni foronya: mistari minne iliyonyooka! Kanga ndiyo ingekufaa zaidi. Doti huuzwa vipande viwili vimeungana. Ukate katikati, upinde ncha, umemaliza. Lakini kanga haina picha za kurusha mtandaoni hatua kwa hatua, au siyo? Fundi wa barazani, mwenye Singer ya kukanyaga iliyomlisha tangu ujanani, hukupindia doti ukiwa umesimama unangoja chenji. Yeye haiiti kazi hiyo burudani. Juzi alikuona ukipita na foronya yako mkononi, akanyanyua miwani, akauliza kwa adabu kama umeileta ifumuliwe.