Muulize Jirani

Arusha kuna kituo cha Mbwa wa Africa, kinachopokea mbwa wasio na wenyewe. Kwetu Milanzi, huku Ufipa, kituo hatuna. Mwenye huruma na wanyama husubiri siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa, kama ile iliyopangwa karibu na 28 Septemba, tarehe aliyofariki Louis Pasteur, mwasisi wa chanjo hiyo, mwaka 1895, ajitolee kushika kamba au kalamu. Nilichagua kalamu, kwa kuwa haing'ati.

Bwana mifugo alikuja na kisanduku cha barafu, maana chanjo hutunzwa kati ya nyuzijoto 2 na 8, ingawa kwa ubaridi wa asubuhi za Ufipa ungeweza kuitia mfukoni. Foleni ilijaa watoto wanaoburutwa na mbwa wao kwa kamba za katani. Kazi yangu ilikuwa kuandika jina la mwenye mbwa, jina la mbwa, rangi na umri.

Sasa mbwa wa mtaani kwetu hapewi jina, hupewa ujumbe apeleke. Muda si muda nilikuwa nimeandika Watachoka Wenyewe, Mtajiju na Deni Lipo. Huyu Deni Lipo ni wa mwenye duka, ambaye kila jioni humwita kwa sauti kubwa wadaiwa wake wakipita.

Akafika bibi mmoja.

"Shikamoo bibi. Mbwa wako anaitwa nani?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Muulize Jirani."

Kwa heshima zote nikamgeukia jirani yake, mama aliyekuwa nyuma yake, nikamuuliza. Foleni nzima ikaangua kicheko. Kumbe jina hilo limekuwa likirushwa juu ya ua wa mama yule asubuhi na jioni, na leo serikali nayo inamuuliza!

"Twende zetu," mama yule akamwambia mbwa wake.

Bwana mifugo akamkimbilia. Akamweleza kwamba ugonjwa hukosa njia pale ambapo katika kila mbwa 100, walau 70 wamechanjwa; kwamba aliyeng'atwa huoshwa jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha huwahishwa hospitali, kwani dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona. Mama akarudi shingo upande.

"Wako anaitwa nani, mama?"

"Popi." Akamtupia bibi jicho. "Futa. Andika Nimeshajibu."

Tatizo, Nimeshajibu mwenyewe hakuwa na habari. Alipoiona sindano alichomoka kwenye kamba, akapita chini ya meza, daftari likaruka na majina yote ya mtaa. Tukamwita Nimeshajibu: mimi, bwana mifugo, hadi mwenyekiti wa mtaa. Hakugeuza hata sikio.

Bibi akachuchumaa. "Popi, Popi, njoo baba."

Mbwa akarudi mbio, mkia juu, akaanza kumnusa mikono kama aliyezoea kukuta ugali humo.

Mama akamtazama bibi kwa muda.

"Ndiyo maana kwangu hali!"