Mafua "Tu"? Nani Kasema Tu?

Mfyuuu! Hilo neno "tu" mimi nimelichukia. Kwetu hapa kijiweni Majengo, leo siku ya tisa benchi la ukutani halina mwenyewe. Babu wetu wa bao, mwenye presha na sukari, yuko wodini na mpira wa oksijeni puani.

Julai ya Dodoma mnaijua. Alfajiri baridi inakata masikio, mchana upepo unatimua vumbi mpaka kwenye vikombe vya kahawa. Babu akaanza kupiga chafya. Sisi, na mimi nikiwa wa kwanza kusema, tukamwambia: "Babu, mafua tu hayo, tafuna tangawizi." Siku ya nne hakuweza kusema maneno matatu bila kutweta. Tukampakia kwenye bajaji. Nimonia.

Sikilizeni basi. Kuna mafua ya kamasi, na kuna homa ya mafua, ile ya virusi vya influenza. Hii ya pili humwangusha kijana siku tano akainuka. Mzee kinga yake nayo imezeeka. Virusi vikishalegeza kifua, bakteria wa nimonia hupata njia, sukari hupanda, na moyo huelemewa. Mwaka 2018 watafiti wa Ontario, Kanada, walionyesha kwamba ndani ya siku saba baada ya kuthibitika mtu ana homa hiyo, hatari ya kupata shambulio la moyo huongezeka mara sita hivi. Mara sita, jamani! Halafu msibani tunaambiwa mzee kafa kwa moyo, na mafua yaliyoufungulia mlango hakuna anayeyataja. Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo vya njia ya hewa kutokana na homa hii kuwa kati ya 290,000 na 650,000 kila mwaka.

Na Ugogo tusijifanye wageni wa jambo hili. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza majeshi ya pande zote mbili yalizoa ng'ombe na nafaka, vijana wakachukuliwa upagazi, mvua nayo ikagoma. Njaa iliyofuata Wagogo waliiita Mtunya. Watu wakiwa mifupa mitupu, yakaja yale mafua ya 1918 yaliyozunguka dunia nzima. Yale yaliua hata vijana wenye nguvu zao. Aliyekwisha kudhoofishwa na njaa angeponea wapi?

Nilipoitaja kijiweni chanjo ya homa ya mafua, kijana mmoja wa bodaboda akanikatiza: "Kaka, si hiyo chanjo ndiyo inaleta mafua?" Hapana, mdogo wangu. Sindano ina virusi vilivyokwisha kuuawa, au vipande vyake tu. Mkono utauma, pengine homa kidogo ya siku moja. Mwili unahitaji kama wiki mbili kujenga kinga, kwa hiyo mzee asisubiri baridi ya Julai. Aprili au Mei awe amechomwa. Na hurudiwa kila mwaka, maana virusi hivi hubadilika. Wataalamu hukutana kila Februari na Septemba kuchagua aina za kuwekwa kwenye chanjo. Haizuii kila mafua, sidanganyi. Inapunguza uwezekano wa mzee kufikishwa kwenye oksijeni.

Kinachonisonyesha ni hiki: haimo katika ratiba ya kawaida ya chanjo za taifa. Utaitafuta hospitali binafsi, na utalipa. Dirishani hospitalini tumeandika "Mzee Kwanza", vizuri sana, lakini kwanza kwa lipi, kama anafika akiwa tayari hapumui? Bunge la bajeti limemalizika juzi tu, hapa hapa mjini kwetu. Wabunge wana wazazi. Mwakani nataka kumsikia mmoja wao akisimama kuiulizia sindano hii.

Na sisi tusingoje Bunge. Kijiwe hiki kimechangia harusi, kimechangia sanda. Kwa nini tusimchangie mzee angali anacheza bao? Kila mwenye baba au mama aliyevuka 60 amuulize daktari, hasa kama ana presha, sukari au pumu. Daftari la michango ninalo, jina la kwanza nimeandika la mama yangu.

Sasa naenda wodini. Binti yake kapiga simu, anasema babu ameamka anataka uji wa uwele.