Waraka kwa Vyuo vya Moshi: Tasnifu Zitasomeka Mwaka 2060?

Waheshimiwa wakuu wa vyuo, wasimamizi na wakutubi,

Moshi imejaliwa elimu ya juu: Chuo Kikuu cha Ushirika, kilichoanza kama chuo mwaka 1963 na kupata hadhi kamili mwaka 2014, chuo cha tiba pale KCMC, Mwenge, na Mweka kwa wanyamapori. Tafiti za kahawa, maradhi na mlima wetu ziko mikononi mwenu.

Nina neno moja nanyi. Katika baadhi ya vyuo nchini, mtahiniwa hurudishwa kurekebisha pambizo na rangi ya jalada la tasnifu. Faili lake, hata hivyo, hupokelewa bila kufunguliwa. Kama kwenu si hivyo, hongereni, waonyesheni wengine njia. Kama ndivyo, mnatunza jalada na kupoteza elimu. Herufi za dhahabu hazitamfaa msomaji wa kesho ikiwa faili limefungwa kwa nywila iliyosahaulika, fonti hazimo ndani yake, na CD iliyobandikwa nyuma ya kitabu haina tena kompyuta ya kuisoma.

Dawa ipo tangu mwaka 2005: PDF/A, umbizo la kimataifa la kuhifadhi nyaraka kwa muda mrefu. Hudai fonti zote ziwe ndani ya faili na hukataza nywila. LibreOffice, programu ya bure, hulitengeneza kwa dakika chache. Kisingizio cha bajeti hakina nafasi hapa. Data za dodoso nazo zihifadhiwe kwa umbizo la CSV, zisomeke bila leseni ya mtu.

Nakala moja haitoshi. Aprili 2021 moto wa mlimani ulishuka hadi Chuo Kikuu cha Cape Town, ukateketeza ukumbi wa maktaba ya Jagger na hazina kubwa ya vitabu kuhusu Afrika. Nasi tuko chini ya mlima ulioungua Oktoba 2020. Nakala nyingine ikae mbali, Dodoma au Dar es Salaam.

Tena, kuhifadhi ni kazi ya kila mwaka. Wazee wa Uchagani walijua kwamba mfongo, yaani mfereji wa maji, usiosafishwa hauleti maji shambani. Mafaili nayo yakaguliwe na kuhamishwa kabla programu hazijapitwa na wakati. Mpeni mkutubi muda, vifaa na mamlaka ya kukataa faili bovu, hata la profesa.

Nawaomba: asivikwe joho mtahiniwa yeyote kabla faili lake halijafunguliwa na kukaguliwa.

Wenu katika elimu,
Msomaji wa Moshi