Kilo 46 za Undugu

Kwa Watanzania waishio Ujerumani, safari ya kwenda nyumbani mwezi wa Desemba huanzia kwenye mizani ya bafuni, kifaa ambacho Mjerumani hukinunua ili ajue amenenepa kiasi gani, lakini ambacho kwa mgeni wake hugeuka kuwa chombo cha kugawia undugu. Mashirika mengi ya ndege yaendayo Kilimanjaro na Dar es Salaam humruhusu abiria wa daraja la kawaida mabegi mawili ya kilo 23 kila moja, na kwa kawaida hesabu hiyo haichanganywi, kwa maana kwamba begi la kilo 26 likiandamana na la kilo 20 hulipiwa uzito wa ziada ingawa jumla yake ni zilezile 46. Ndani ya kilo hizo hutakiwa waenee mama, baba wadogo, mashangazi, mawifi, jirani aliyewahi kumbeba msafiri mgongoni, pamoja na binamu ambaye hajapiga simu tangu Desemba iliyopita.

Upimaji wenyewe una utaratibu wake. Msafiri hupanda mizani akiwa amelikumbatia begi, na kwa kuwa begi humziba asizione namba, mkewe huinama akamsomea, kisha uzito wa msafiri hutolewa katika jumla hiyo ili ubaki wa mzigo. Kasoro ya njia hii ni kwamba humlazimu mtu kuutaja uzito wake halisi mbele ya mkewe, jambo ambalo wengi hulikwepa kwa kujipunguzia kilo mbili. Kilo hizo huhesabiwa kuwa za begi, na viatu vya shangazi vikatolewa bila kosa lolote.

Katika maagizo ya wazee, kitu kisichokosekana ni dawa ya kuchua ambayo Wajerumani huiita mafuta ya farasi, kwa sababu asili yake ilikusudiwa miguu ya mnyama huyo, nayo huuzwa katika maduka ya kawaida bila cheti cha daktari. Picha ya farasi iliyoko kwenye kopo haimpunguzii mzee hamu. Yeye huichukulia kuwa ushahidi, kwani dawa iliyomfaa farasi haitashindwa na goti la mtu. Zamani kopo hilo lilifungwa mifuko mitatu ya plastiki ili lisivujie nguo, lakini tangu Tanzania ipige marufuku mifuko hiyo tarehe 1 Juni 2019, na msafiri kutakiwa aisalimishe uwanjani, kopo husafiri ndani ya soksi, na soksi hiyo huhesabiwa na mpokeaji kuwa sehemu ya zawadi.

Safari ya kurudi ina mashaka zaidi, kwa sababu hapo msafiri hukabiliana na sheria za Umoja wa Ulaya. Nyama na maziwa haviruhusiwi kuingia katika mzigo wa abiria, na kwa hiyo samli ya bibi hubaki Moshi pamoja na machozi ya bibi mwenyewe. Asali huruhusiwa hadi kilo mbili, na samaki hadi kilo 20, kiasi kwamba begi karibu zima linaweza kuwa dagaa wakavu na sheria isiseme neno, ingawa abiria wenzake watasema. Kuhusu matunda, tangu tarehe 14 Desemba 2019 karibu yote hudaiwa cheti cha afya ya mimea, yaani hati ya serikali ya nchi yalikotoka inayothibitisha kwamba hayana wadudu, isipokuwa matunda matano: nanasi, nazi, duriani, tende na ndizi. Mtu wa Muheza hunyang'anywa machungwa yake huku akimtazama Mchaga akipita na mkungu wa ndizi za kupika, na ni vigumu kutoshuku kwamba katika kikao kilichopitisha orodha hiyo aliketi mtu wa Kibosho. Ndizi zenyewe, kwa kuwa kijijini hakuna mizani ya bafuni, hupimwa kwenye mizani ya kahawa ya chama cha ushirika, ambayo huning'inizwa kwenye boriti na kusomwa na karani aliyezoea magunia, asiyeona sababu ya kubishana na mtu juu ya nusu kilo.

Kwa kuzingatia hayo, ndugu walioko nyumbani wanaombwa wawasilishe maagizo yao kabla ya mwisho wa Novemba, wajue kwamba televisheni haihesabiwi kuwa zawadi ndogo, na kila ombi la viatu liambatane na namba ya mguu. Picha ya mguu peke yake haitoshi.