Mvinyo Uliokunywa Madeni

Mjomba wangu ana duka la vifaa vya ujenzi Tanga, na kama kuna kitu anachokipenda kuliko saruji yake, basi ni programu yake ya hesabu. Aliinunua kwenye CD zama za Windows XP, na vidole vyake vinaijua kama vinavyojua tasbihi. Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10 mwezi Oktoba 2025, na kompyuta yake ikawa kongwe mno kuipokea Windows 11, nikajitolea kusaidia. Hakuna aliyeniomba, hilo nalikiri mapema.

Nikamwekea Linux badala ya Windows. Kisha, ili programu yake isijue kwamba imehamishwa, nikaweka Wine.

"Umeweka nini?"

"Wine, Mjomba. Ni jina tu."

Mwanawe, mwenye Kiingereza cha kidato cha pili, akatafsiri kwa sauti: "Mvinyo!"

Mjomba huswali safu ya kwanza. Akaisogelea kompyuta kama mtu anayetafuta harufu.

Nikaanza kujitetea. Kwamba hiyo si Windows ya bandia, ni mkalimani tu: programu ikiomba kitu kwa lugha ya Windows, Wine hukiomba upya kwa lugha ya Linux. Kwamba ni kazi ya watu makini, iliyoanza 1993, na toleo la 1.0 likatoka 2008.

"Miaka 15?" akasema Mjomba. "Basi ni mvinyo kweli." Hakuna aliyethubutu kumuuliza amejuaje.

Programu ilifunguka, vitufe vyote mahali pake. Miezi mitatu nikawa mpwa bora kuliko wote. Halafu siku moja ikagoma kuchapa risiti. Nikapekua mtandaoni, nikakuta ushauri mfupi: futa folda ya .wine, anza upya. Ushauri si mbaya, ila waliouandika walidhani msomaji anajua kilichomo ndani ya folda hiyo. Mimi sikujua. Ile diski C ambayo programu huiona ni folda tu ndani ya .wine, nayo haionekani kwa sababu jina lake linaanza na nukta. Programu, ikijiona iko nyumbani kwake, ilikuwa inahifadhi vitabu vyote vya duka humo humo.

Nikafuta. Wine ikaunda C mpya, nikasimika programu kutoka kwenye CD, na risiti ikachapika mara moja. Nikapiga makofi peke yangu. Kisha nikafungua ukurasa wa wadeni. Duka lilikuwa halimdai mtu yeyote Tanga nzima.

Mjomba hakunifokea; afadhali angenifokea. Alikwenda barazani akawatangazia wenzake kwamba mvinyo wa mpwa wake umekunywa madeni yote.

Kesho yake asubuhi akaja fundi mmoja aliyekuwa akidaiwa mifuko 12 ya saruji. Akaamkia vizuri, akanivuta pembeni.

"Ule mvinyo wako bado upo?" akaninong'oneza. "Maana nina deni jingine duka la pili hapo."